Lugha Iliyotungwa na Tabibu wa Macho

Lugha nyingi hazina mtu wa kutajwa kuwa ndiye aliyezianzisha. Zimekua vinywani mwa watu kama mti ukuavyo. Lakini iko moja ambayo mtungaji wake twamjua kwa jina, nayo ningependa kujifunza kabla ya nyingine zote za ugenini. Yaitwa Kiesperanto.

Ludwik Zamenhof, Myahudi, alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ulio leo katika nchi ya Polandi, lakini siku zile ulitawaliwa na Urusi. Mjini mle walikaa Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi, kila taifa na lugha yake na chuki yake. Kijana akawaza ya kuwa kama wangekuwa na lugha moja isiyo ya kabila lo lote, wangepatana. Alipokwisha kuwa tabibu alichapisha kitabu kidogo huko Warszawa mwaka 1887, kwa msaada wa fedha za baba mkwe wake. Hakutia jina lake, bali alijiita Doktoro Esperanto, yaani tabibu mwenye kutumaini.

Sheria zake ni 16 tu. Jina la kitu huishia kwa "o", sifa kwa "a", na maneno huzaa maneno, jambo tusilolistaajabia sisi tusemao kusoma, kusomesha, msomaji. Lerni ni kujifunza. Lernejo, mahali pa kujifunza, ndiyo shule. Bona ni -ema, malbona ni -baya. Matamshi yatatusumbua kidogo: scii, maana yake kujua, hutamkwa "stsii", na ulimi wetu hupenda kutia irabu katikati.

Mwaka 1905 watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wakazungumza kwa lugha hiyo pasipo mkalimani. Basi hapo Zamenhof alishinda. Lakini nadhani tumaini lake lilizidi nguvu za lugha yo yote, kwa maana mtu aweza kumchukia jirani ambaye husikilizana naye kila neno. Alikufa mwaka 1917, vita vikuu vya kwanza vingali vikipiganwa. Vile vya pili viliwamaliza watoto wake watatu. Adam, tabibu wa macho kama babaye, alipigwa risasi na Wajerumani mwaka 1940. Zofia na Lidia waliuawa katika kambi ya Treblinka mwaka 1942. Huyo Lidia alikuwa mwalimu wa Kiesperanto. Alikwenda Marekani kukifundisha mwaka 1937, akarudi kwao mwaka 1938.