Kabla Greda Halijapita

Wadau, kila barabara mpya ikipimwa utasikia: wanaakiolojia wa nini tena? Si wanachelewesha mradi tu!

Hebu tuangalie Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Baadaye ukaja mpango wa kujenga makumbusho hapo. Kabla ya ujenzi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachimba mashimo ya majaribio, na kati ya 2014 na 2015 wakakuta nyayo za wawili wengine, mita 150 hivi kutoka zile za kwanza.

Jengo la kuzienzi nyayo lingeweza kuzifukia nyayo! Sembuse greda la barabara? Lami inaweza kusubiri. Nyayo zikisagwa, basi tena.