Haki za Paka na Mbwa kwa Anayewafuga: Twahara, Chakula, Chanjo na Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake.

Maswali tunayoulizwa kuhusu paka na mbwa aghlabu huwa ya upande mmoja: Maji aliyokunywa paka yanafaa kwa udhu? Nguo iliyolambwa na mbwa inaoshwaje? Ni maswali ya msingi na tutayajibu. Lakini upande wa pili hauulizwi sana, nao ndio wenye hatari zaidi Siku ya Kiyama: mnyama huyu anatudai nini?

Msingi wa hukumu

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Tuyazingatie mambo hayo mawili kwa pamoja. Paka wa mtaani riziki yake iko kwa Mola wake, naye huitafuta mwenyewe. Ukimfungia, umemzuia na riziki hiyo, na hapo wewe ndiye unayebeba jukumu la kumlisha.

Kwa upande wa pili, Abu Hurayra (r.a.) amesimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu. Allah akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama kweli wanyama nao wana ujira, Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa kila chenye uhai kina ujira ndani yake.

Waliopita chuoni wanaikumbuka Safinatun-Najaa. Katika mlango wa tayammum tulifundishwa sababu tatu za kutayamamu, na moja ni maji kuhitajika kwa kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa uhai wake. Mbwa mkali mwenye kudhuru ametolewa katika heshima hiyo, lakini mbwa mwenye manufaa yumo. Maana yake ni kwamba maji yakiwa haba, mnyama hunyweshwa na mwenye kuswali hutayamamu. Mtoto wa chuoni huihifadhi mas-ala hii kabla hajabaleghe. Basi isibaki kwenye ulimi tu.

Paka: twahara na malezi

Paka ni twahara. Kabsha bint Ka'b alimtilia maji ya udhu Abu Qatada (r.a.), akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo mabaki ya maji ya paka yanafaa kwa udhu, isipokuwa kama mdomo wake umeonekana una najisi, kama damu ya panya. Mkojo na kinyesi chake ni najisi na huoshwa kwa utaratibu wa kawaida.

Katika malezi, tunawanasihi wenye nyumba mambo haya:

– Maji safi yawepo kila siku. Dagaa wakavu peke yao bila maji ni mateso.
– Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kumkwama.
– Asipewe dawa za binadamu. Parasetamoli, ambayo kwetu ni dawa ya kila nyumba, humuua paka.
– Sumu ya panya isiwekwe anapofikia. Hata panya aliyekwisha kula sumu humdhuru anayemla.
– Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka ikiwa yupo mwengine wa kufanya kazi hiyo. Kuna vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi kiondolewe kila siku na mikono ioshwe kwa sabuni. Hilo halimaanishi paka afukuzwe.

Mbwa: kufuga na kujitwaharisha

Hadithi sahihi zimekataza kufuga mbwa bila ya haja, na zimeeleza kuwa mwenye kumfuga hivyo hupungukiwa na ujira wake kila siku. Zikavua mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba. Imam Nawawi ameona kuwa kauli sahihi zaidi katika madhhabi ya Shafi ni kujuzu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia juu ya hao watatu. Kwa hivyo msasi anayetumia mbwa kuzuia nguruwe pori wasile mihogo ya watu, na mwenye nyumba ya pekee anayeogopa wezi, hawako katika makatazo. Mwenye kutaka mbwa wa pambo na mchezo tu, huyo yumo.

Katika madhhabi yetu, mbwa ni najisi nzito. Akikugusa naye ana majimaji, au wewe una majimaji, mahali hapo pataoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara. Kikavu kikigusana na kikavu, hakuna cha kuosha. Wanavyuoni wa Kimaliki wao wanasema mbwa ni twahara, kwa hivyo asilaumiwe ndugu anayefuata madhhabi hayo.

Lililo muhimu ni hili: unajisi ni hukumu ya kuosha, na hauhalalishi dhuluma. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Qur'ani, katika Suratul-Kahf, akiwa mlangoni pao. Basi mbwa wa lindo asifungwe kwa mnyororo mfupi juani, bila kivuli wala maji, akangojea makombo yatakayobaki. Watoto nao wakatazwe kumpiga mawe. Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga kwa mishale, akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya hivyo.

Chanjo ni sehemu ya kulinda nafsi

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na kwamba watoto ndio wanaoumwa sana. Linaeleza pia kuwa wakichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika.

Ushahidi tunao hapa visiwani. Kwa kampeni za chanjo ya mbwa, Pemba iliondokana na ugonjwa huu mwaka 2014. Chanjo zilipolegea ukarejea mwaka 2016, na kwa chanjo tena ukaondoka kufikia 2018. Kisiwa kilekile na mbwa walewale, tofauti ilikuwa chanjo. Kwa hivyo mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa anapofika miezi mitatu na kurudia kila mwaka, au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Paka naye huambukizwa, achanjwe. Mwenye kuacha kwa uzembe, kisha mtoto wa jirani akadhurika, hawezi kusema ni kadari tu.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapewe chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Na udongo usitiwe ndani ya jeraha kwa nia ya kutwaharisha. Sharia haiamrishi madhara. Kuokoa nafsi kunatangulia, na udongo usubiri mpaka jeraha lipone. Swala asiiache. Suala la kuirudia baadaye lina maelezo ya wanavyuoni, na atamuuliza sheikh wake.

Kutupa, kutilia sumu na kuhasi

Kuna ada mbaya ya kuwatia watoto wa paka ndani ya kiroba na kuwatupa sokoni au ufukweni kabla hawajaachishwa ziwa. Hii ni dhuluma, kwani umemtenga mtoto na mama yake hali hawezi kujitafutia. Hukumu yake iko karibu na ile ya kufungia. Wasubiriwe mpaka waweze kula wenyewe, ndipo watafutiwe watu wa kuwachukua.

Vivyo hivyo anayekwenda Pemba kwa Idd au anayesafiri kwa Umra, akamfungia paka ndani ya nyumba ya ghorofa. Kabla ya kufunga mlango, amuachie jirani ufunguo na chakula.

Kutupa nyama yenye sumu njiani ili kuua mbwa koko hakujuzu. Sumu haichagui, itamfika paka, kuku na hata mtoto. Mbwa mwenye kudhuru apelekewe habari sheha na ofisi ya mifugo.

Ama kuhasi, vitabu vya madhhabi yetu vinakataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wameruhusu panapokuwa na haja, paka wakizidi na kuleta madhara, kwa sharti ifanywe na daktari bila ya kumtesa. Tunaona kauli hiyo inafaa kufuatwa, kwani ni nyepesi zaidi kuliko kutupa viroba.

Kwa muhtasari: asiyeweza kulisha asifungie, asiye na haja asifuge mbwa, na aliyefuga ajue kuwa amebeba amana atakayoulizwa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.