Nyumba ya Michezo ya Richmond

Katika mji mdogo wa Richmond, jimbo la Yorkshire huko Uingereza, imo nyumba ya michezo iliyojengwa mwaka 1788 na Samuel Butler, mkuu wa kundi la wachezaji waliozunguka miji ya kaskazini. Hata ilipofika mwaka 1848 michezo ilikuwa imekoma. Chini pakachimbwa vyumba vya kuwekea mvinyo, na ukumbi ukawa mahali pa mnada. Baadaye ikawa ghala, na wakati wa vita vya 1939 hata 1945 zikawekwa humo takataka za kutumiwa tena.

Twaweza kudhani kwamba kazi hizo duni ziliiharibu. Lakini nyumba yenye kazi haibomolewi upesi, na ghala halina haja ya kupambwa upya. Hivyo roshani za kale zikasalia, na mwaka 1963 michezo ikarudi.

Sisi twalikumbuka darasa letu la kwanza. Nalo liligeuzwa ghala la mahindi, ila hakuna aliyewasimulia vijana habari zake; likabomolewa, tukanyamaza. Basi ndugu waalimu, tuwasimulie watoto habari za nyumba zetu ingali mapema. Usiache mbachao kwa msala upitao.