Fungua Mgongo Kwanza

Vumbi jekundu la Voi halipigi hodi. Linaingia kwenye feni ya laptopu na kukaa. Ndiyo maana huku mimi hupima mashine kwa bisibisi kwanza, kasi baadaye.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 2012 MacBook Pro ya Retina ilikuja na RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Wengine wakafuata. ThinkPad T480 ya 2018 bado ilikuwa na nafasi mbili za RAM na betri ya nyuma unayochomoa kwa mkono. T490 ya 2019 ikafungia betri ndani na kuchomelea sehemu ya RAM. Wembamba tuliupata, fundi akapoteza.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta akiniuliza, namwambia: tafuta T480 ya mtumba yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8, maana hapo ndipo viini vilitoka viwili vikawa vinne. Ile mpya nyembamba ya bei rahisi ni nyepesi, sikatai. Lakini GB 4 zilizochomelewa ni hukumu isiyo na rufaa.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue mgongo. Akikataa, jibu si umeshapata?