Kabla Fundi Hajafomati: Historia Fupi ya Sasisho Lililogoma

Wasee, leo tuongee kuhusu fomati. Kompyuta ya nyumbani ikikwama katikati ya sasisho, uwe Umoja, Kayole ama Donholm, jibu la mtaa ni lile lile: "Peleka kwa fundi, afomati." Ukirudishiwa, Windows iko mpya na mashine iko mbio. Lakini picha za shosho hazipo, CV haipo, kazi ya miaka mitatu haipo.

Watu husema fundi ni mjinga. Mimi sikubali. Hii tabia ilikuwa na akili zamani. Shida ni kwamba ilizaliwa mahali pengine, halafu tukaihamisha nyumbani bila kufikiria.

Ilizaliwa saiba. Windows XP ilitoka 2001, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kwenye zile kompyuta za ex-UK, mashine ambazo ofisi za ng'ambo zilikuwa zimemaliza kuzitumia. Intaneti ya Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti, polepole na bei kali. Kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo, saiba ulilipia kila dakika. Nani angechoma dakika za mteja akipakua masasisho ya Microsoft? Wenye saiba waliyazima, na mashine ikigoma, waliingiza CD na kufomati.

Na hawakupoteza chochote! Kompyuta ya saiba haikuwa na kitu cha mtu. Kazi yako ulibeba kwa flashi ama ukaituma kwa barua pepe. Fomati ilikuwa kama kupiga deki.

Halafu kompyuta ikaingia kwa nyumba. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na 29 Julai 2015 ikatoa Windows 10. Kwa toleo la nyumbani, masasisho yalianza kujipakua na kujiweka yenyewe, na mtumiaji hakupewa njia rahisi ya kuyakataa kabisa. Huo mpango unafaa nyumba ambayo stima haipotei na bando haiishi. Sasa fikiria ploti yetu: sasisho limefika asilimia 60, tokeni zinaisha, giza. Faili za mfumo zimeandikwa nusu. Ukiwasha tena, skrini ya bluu.

Ungedhani basi dawa ni kuzima masasisho kama saiba. Hapana. Mei 2017, WannaCry ilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Hospitali za umma za Uingereza, huko huko ex-UK zinakotoka, ziliahirisha matibabu. Na sasisho la kuizuia lilikuwa limetoka Machi, miezi miwili kabla.

Lakini pia usiamini kila sasisho kipofu. Oktoba 2018, Microsoft ilisimamisha sasisho kubwa la Windows 10 baada ya kufuta faili za baadhi ya watu. Na 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani. Angalia vile mafundi wa mashirika makubwa walirekebisha: waliwasha mashine kwa hali salama, wakafuta faili moja mbovu, wakawasha tena. Diski haikuhitaji kufutwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Sasisho likigoma, kwa kawaida kinachoharibika ni mfumo. Faili zako bado ziko kwenye diski.

Kwa hivyo, tulia. Kama gurudumu bado linazunguka, ipe masaa, usichomoe. Ikikataa kabisa kuwaka, Windows 10 ikishindwa mara mbili tatu mfululizo huleta yenyewe ukurasa wa ukarabati. Humo unaweza kuondoa sasisho la mwisho. Kama ni toleo jipya zima, una siku 10 za kurudi lile la zamani. Hata hiyo ikikataa, weka Ubuntu kwenye flashi. Ni ya bure tangu ilipotoka 2004. Washa mashine kwa hiyo flashi bila kuiweka kwenye diski, halafu nakili faili zako nje, mradi diski haijafungwa kwa ufunguo wa siri. Fomati ije baada ya hapo.

Hii ni muhimu sasa kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo haitambui rasmi mashine ya 2014, na hizo ndizo nyingi wetu tuko nazo. Watu watajaribu kulazimisha, itagoma, na foleni ya fundi itakuwa ndefu.

Ukifika mbele ya hiyo foleni, mwambie fundi wako kwa heshima: "Boss, toa faili zangu kwanza." Akisema haiwezekani, chukua mashine yako uende kwa fundi mwingine.