Maumivu Sugu ya Kiuno Baada ya Upasuaji wa Uti wa Mgongo

Maumivu sugu ya kiuno baada ya upasuaji ni maumivu ya mgongo wa chini, ya mguu au ya vyote viwili, ambayo hubaki, hurudi au huanza upya baada ya mtu kufanyiwa operesheni ya pingili za kiuno, na kudumu zaidi ya miezi 3. Makadirio yanayotajwa sana na madaktari ni watu 10 hadi 40 katika kila 100 waliopasuliwa. Pengo hilo ni kubwa kwa sababu operesheni zenyewe hazifanani: kutoa kipande cha diski (mto ulio kati ya pingili) si sawa na kuwekewa vyuma vya kufunga pingili, na kila mtafiti ana kipimo chake cha kupona.

Kwa miaka mingi hali hii iliitwa kwa jina lenye maana ya mgongo ulioshindikana kwa upasuaji. Lilikuwa jina baya. Lilimfanya mgonjwa ajione kama mzigo usio na dawa, na likamshtaki daktari hata pale alipofanya kazi yake sawasawa. Mwaka 2021 kundi la wataalamu lilipendekeza liachwe, na badala yake pawe na jina moja la maumivu sugu ya uti wa mgongo lenye aina mbili: ya kwanza kwa wasiopasuliwa, ya pili kwa waliopasuliwa. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lililoanza kutumika Januari 2022, nalo linayaweka katika kundi la maumivu sugu yanayofuata upasuaji.

Chanzo

Mwaka 1934 madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni yanaweza kutokana na diski iliyochomoza na kubana neva, na kwamba yanatibika kwa upasuaji. Tangu hapo operesheni ya diski hufanywa hasa kwa ajili ya mguu. Jambo hili mara nyingi halisemwi wazi kabla mgonjwa hajatia sahihi fomu ya ridhaa. Anaingia akitaka kiuno kipone, anatoka mguu umepona na kiuno kiko vilevile. Daktari anahesabu ushindi, mgonjwa anahesabu hasara.

Zipo pia sababu nyingine. Diski ileile inaweza kuchomoza tena. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza kuwa imeumia kabla kisu hakijafika, ikaendelea kutuma ishara za maumivu ingawa imefunguliwa nafasi. Kovu hujijenga kuizunguka. Kwa aliyewekewa vyuma, mfupa unaweza kukataa kuunga, hasa kwa mvutaji wa sigara, au pingili za jirani zikachoka kwa kubeba mwendo wa zile zilizofungwa. Kiungo kinachounganisha nyonga na uti wa mgongo nacho huweza kuanza kuuma. Na katika Afrika Mashariki daktari mwangalifu hasahau kifua kikuu cha uti wa mgongo wala brusela, ugonjwa unaowapata sana wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi.

Huzuni, kukosa usingizi na hofu ya kusogea huyazidisha maumivu. Kusema hivyo si kusema kwamba mtu anajidai. Mfumo wa fahamu uliopokea maumivu kwa miezi mingi huwa mwepesi wa kushtuka, kama mlinzi anayepiga filimbi hata paka akipita.

Uchunguzi

Swali la kwanza ni rahisi, ingawa huulizwa mara chache: je, haya ni maumivu yaleyale ya kabla ya operesheni, au ni mapya? Yasiyopoa hata siku moja huashiria kwamba chanzo hakikuguswa au neva ilikwisha kuumia. Yaliyopoa miezi kadhaa kisha yakarudi ghafla mguuni humfanya daktari afikirie diski iliyotoka tena.

Maumivu ya neva yana lugha yake: kuunguza, shoti ya umeme, ganzi, kuchomachoma kama sindano. Tangu 2005 madaktari hutumia dodoso fupi la vipengele 10 liitwalo DN4. Alama 4 au zaidi huelekeza kwenye neva. Kwa aliyekwisha kupasuliwa, kipimo cha MRI hufaa zaidi kikifanywa pamoja na sindano ya gadoliniumu. Kovu lina mishipa ya damu, hivyo hunywa dawa hiyo na kung'aa kwenye picha. Kipande cha diski hakina, kikabaki cheusi. Tofauti hiyo ya weusi na mng'ao ndiyo inayoweza kumpeleka mtu mezani tena au kumwepusha, kwani kukata kovu huzaa kovu jingine.

Matibabu

Lengo ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Kuyafuta maumivu yote mara nyingi hakuwezekani, na anayeahidi hivyo aogopwe. Msingi ni mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na mfiziotherapia, yakianza kidogo, hata kutembea dakika 5.

Kosa kubwa ni la siku njema. Mama anaamka kiuno kimetulia, anafua nguo za wiki nzima, kisha analala siku 3. Dawa yake ni kupima kazi kwa saa badala ya kwa maumivu: afue dakika 15, apumzike, siku njema na siku mbaya sawasawa, kisha aongeze polepole.

Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Göteborg, Sweden, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akakuta hupanda mtu anapoinama mbele akiwa na mzigo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Heri ijazwe nusu, ipandishwe kwenye kigoda kwanza, na inyanyuliwe kwa kukunja magoti ikiwa karibu na tumbo. Beseni la kufulia liwekwe mezani, na ufagio wa chelewa upishe ule wa mpini mrefu. Kitandani, mtu ageukie ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo, ashushe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono. Mwislamu asiyeweza kurukuu na kusujudu ana ruhusa ya kuswali amekaa.

Kwa dawa, vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki hufaa kwa siku chache. Kuchomwa sindano ya diklofenaki kila wiki ni njia ya vidonda vya tumbo na ya kuharibu figo. Kwa maumivu ya neva hutumika amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, au gabapentini. Huwasaidia baadhi tu, na zisipoleta nafuu zisiendelezwe kwa mazoea. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023, ulioandikwa kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu, haupendekezi dawa za jamii ya mofini kwa matumizi ya kawaida, wala mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kila kona.

Sindano za steroidi karibu na neva huweza kupunguza makali kwa wiki au miezi. Katika nchi zenye uwezo wapo wanaowekewa kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu: waya mwembamba ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, na betri chini ya ngozi. Daktari Norman Shealy alikiweka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na Uingereza ilikiidhinisha mwaka 2008 kwa maumivu sugu ya neva. Lakini utafiti wa Norway wa 2022, uliohusisha wagonjwa 50 waliokwisha kupasuliwa kiuno, haukuona tofauti kati ya kifaa kilichowashwa kwa mtindo mmojawapo wa umeme na kilichozimwa. Kwa bei yake, hilo si jambo dogo.

Operesheni ya pili ifanywe kwa sababu inayoonekana: diski iliyotoka tena, skrubu iliyokaa vibaya, mfupa usiounga, usaha. Maumivu peke yake si sababu ya kutosha, na matumaini ya nafuu hupungua kila upasuaji unaporudiwa.

Dalili za hatari

Homa, kidonda kinachovuja, au kukonda bila sababu kunataka uchunguzi wa haraka. Ganzi kwenye sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma, mkojo au choo kutoka bila kujijua, au miguu kulegea ni dharura ya neva. Mwenye dalili hizo asingoje tarehe ya kliniki wala asijaribu kukandwa. Apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali inayopasua uti wa mgongo, hata kama ni usiku wa manane.