Njia mbili zilimshinda fisi: ndoa na uaminifu katika vita ya Waskoti

Wazee walisema: njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kufuata zote mbili, akapasuka katikati. Katika kurasa hizi nataka kusimulia juu ya watu ambao ndoa yao na vita ya nchi yao viliwaweka kwenye ile njia panda.

Mambo yalianzia katika kilasi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wa sekondari walikuwa wameona filme moja ndefu, yenye vipande vingi, iliyotolewa katika vitabu vya Diana Gabaldon, mwandishi wa Marekani. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1991, na mpaka 2021 vilikuwa vimefika tisa; televisheni ilianza kuvionyesha mwaka 2014. Hadithi yenyewe ni hii. Claire, mwuguzi wa Kiingereza, amemaliza vita kuu ya pili, anakwenda Uskoti na bwana yake Frank ili wapumzike. Huko anagusa mawe ya kale yaliyosimamishwa juu ya kilima, na palepale anajikuta katika mwaka 1743. Kapiteni mmoja wa Kiingereza anamtafuta ili amhoji kwa nguvu. Huyo kapiteni anaitwa Randall, na Frank siku zote alimhesabu kuwa babu wa ukoo wake. Ili kumwokoa, Waskoti wanamwozesha Claire kwa kijana wao Jamie Fraser, sababu bibi wa Mskoti hachukuliwi ovyo na askari wa Kiingereza.

Basi, Claire ana bwana wawili: mmoja bado hajazaliwa, mwingine yuko mbele yake. Anafika hata kumwomba Jamie asimwue kapiteni mwovu kwa muda wa mwaka mmoja, ili Frank apate kuzaliwa. Kisha vita inakaribia, Claire ana mimba, Jamie anamrudisha kwenye mawe. Frank anamlea mtoto wa mwanamume mwingine. Miaka ishirini inapita. Claire anarudi kwa Jamie, na anakuta kama amekwisha kuoa mwanamke mwingine, Laoghaire.

Hapo mwanafunzi mmoja msichana aliinua mkono: «Mwalimu, sasa huyu mama ni bibi wa nani?» Kilasi kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Nilijua sababu yake. Vita yetu wenyewe ilirudisha nyumbani wanaume ambao jamaa walikuwa wamekwisha kuwalilia na kumaliza matanga. Nikaona sina haki ya kumjibu kwa mzaha. Nikaenda kusoma historia yenyewe.

Kwanza, ukoo. Katika milima ya kaskazini ya Uskoti, watu waliishi chini ya mkubwa wa ukoo. Kwa lugha yao ya Kigaeli ukoo unaitwa clann, maana yake watoto. Mkubwa aliita, wanaume wakachukua panga. Binti wa mkubwa akiolewa, koo mbili zilifanya mapatano kwa maandishi, na mali ilitoka upande wa baba ya msichana, kinyume na mahari ya kwetu. Tena, kwa desturi ya Waskoti mwanamke aliyeolewa hakupoteza jina la baba yake. Aliingia nyumba mpya, lakini nyumba ya kwanza haikumfuta.

Pili, sheria. Huko Uskoti ndoa ilifungwa na neno la watu wawili. Mwanamume na mwanamke wakisema kama sasa tunachukuana, basi wameoana, hata bila mchungaji, hata bila ruhusa ya wazazi. Kanisa liliwakemea, lakini ndoa ilibaki ndoa. Uingereza ilipokaza sheria yake mwaka 1753, vijana wa Kiingereza walianza kukimbilia Gretna Green, kijiji cha mpakani, ambako hata mhunzi aliweza kuwafungisha. Desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1940. Neno jepesi hivi liliwasaidia wapendanao. Liliwasaidia pia wenye nguvu.

Tuangalie Simon Fraser, Lord Lovat, ambaye katika hadithi ni babu yake Jamie, lakini katika historia ni mtu wa kweli. Mwaka 1697, kwa kutaka urithi wa ukoo, alimwoa kwa nguvu mjane wa Lord Lovat aliyemtangulia, Amelia Murray. Watu wake walipiga zumari kwa nguvu ili vilio vya yule mama visisikike. Baadaye alioa wanawake wengine, na Amelia alikuwa angali hai. Uaminifu wake kwa wafalme ulikuwa wa namna ileile: huku neno tamu, kule neno tamu.

Maana nchi ilikuwa na wafalme wawili. Mwaka 1688 mfalme James alifukuzwa, na kuanzia 1714 kiti kilikaliwa na jamaa ya George kutoka Ujerumani. Wengi wa milimani walibaki na ukoo wa James. Wengine walifuata serikali. Jamaa nyingine ziligawanyika, kama ile ya Atholl: ndugu mmoja kwa serikali, wawili kwa James. Hivi, upande wowote ukishinda, ardhi inaweza kubaki nyumbani. Ila kugawanya watoto hivyo si mchezo: ni kumtuma mmoja kwenye kaburi.

Siri za upande zilivunja hata nyumba. Rachel Chiesley alikuwa bibi wa James Erskine, Lord Grange, hakimu mkubwa. Walizaa watoto wengi, kisha wakagombana na kuachana. Ilisemekana kama yule mama alijua maneno ya bwana yake ya kumpinga mfalme George, na alitisha kuyatoa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1732 watu wa milimani walimkamata usiku katika mji wa Edinburgh. Walimficha katika visiwa vya mbali, miaka mingi huko St Kilda, kati ya watu wasiojua lugha yake. Alikufa mwaka 1745, hajarudi kwake. Bwana yake, mtu wa sheria, hakuhukumiwa kwa jambo hilo.

Lakini kuna ndoa nyingine ambayo naipenda zaidi. Anne Farquharson, aliyezaliwa mwaka 1723, aliolewa na Angus Mackintosh, mkubwa wa ukoo wake. Angus alikuwa kapiteni katika jeshi la serikali. Mwaka 1745 Charles, mjukuu wa mfalme aliyefukuzwa, alishuka Uskoti na kuinua bendera yake Glenfinnan tarehe 19 mwezi wa nane. Bwana alibaki na serikali. Bibi, mwenye miaka 22 hivi, alizunguka juu ya farasi na kuwaita wanaume wa ukoo wa bwana yake wamfuate Charles. Wakaja mamia. Watu wakamwita Koloneli Anne.

Mwezi wa pili 1746, Charles alilala katika nyumba ya Anne huko Moy. Askari 1500 wa serikali walitoka Inverness usiku ili wamkamate. Mama mkwe wa Anne, aliyekuwa mjini, alituma mtoto kukimbia na habari. Mhunzi mmoja na wenzake wanne walijificha njiani, wakapiga bunduki na kuita majina ya koo kubwa kama vile jeshi zima liko gizani. Wale 1500 wakakimbia. Mwezi uliofuata Angus mwenyewe alitekwa, na Charles akamkabidhi kwa bibi yake amlinde. Watu husimulia kama Anne alimpokea kwa kumsalimu kapiteni, naye akamjibu kwa kumsalimu koloneli.

Tarehe 16 mwezi wa nne 1746, huko Culloden, mambo yote yaliisha kwa muda usiofika saa moja. Wafuasi wa Charles kati ya 1500 na 2000 walianguka. Anne alikamatwa, akafungwa Inverness wiki kadhaa, kisha akakabidhiwa kwa yule mama mkwe. Ndoa yao haikuvunjika. Lord Lovat, aliyemtuma mwana wake vitani huku yeye akijidai mtu wa serikali, alikatwa kichwa London tarehe 9 mwezi wa nne 1747. Wakubwa wa koo wakanyang'anywa uwezo wa kuhukumu watu wao, na vazi la milimani likakatazwa mpaka mwaka 1782.

Tofauti ya Lovat na Anne ni ipi? Wote wawili walisimama kwenye njia panda. Lovat alitaka njia zote, na aliwafanya wengine walipe. Anne alichagua moja waziwazi, hakumficha bwana yake, na alipopewa nguvu juu yake hakuitumia kumdhalilisha.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Sheria ilikuwa na jibu: mwenzi wa kwanza akiwa hai, ndoa ya pili haisimami. Kwa hiyo ndoa ya Jamie na Laoghaire ilianguka. Lakini Laoghaire hakuiba kitu, aliolewa mbele ya watu, akiamini kama Jamie ni mjane. Ndiyo maana katika hadithi Jamie anapaswa kumlipa matunzo. Naye Frank alimlea mtoto wa mwingine kama wake, miaka yote.

Nilimwambia hivi yule msichana, nje, baada ya masomo. Akauliza tena: «Na watoto wa ile ndoa ya pili?» Nikamjibu kama hao hawakuchagua njia yoyote, basi mtu asiwatoze deni. Nawaomba na wazee wetu wanaokaa barazani kuamua mambo ya namna hii: kabla ya kutamka ndoa ipi inasimama, waulize kwanza yule atakayebaki nje atalala wapi.